Bwawa la hoteli: usizamie, usizame!

Joto la Dar es Salaam likifika Januari na Februari, acha kabisa. Feni inapuliza hewa ya moto, shati linaganda mgongoni, hata maji ya bomba yanatoka kama yametengwa chai. Ndipo watoto wa mjini wanapoanza kuulizana: "Washikaji, Jumapili tunajimwaga wapi?" Wapo wanaotaka Coco Beach, waogelee na kutafuna mihogo. Wapo wanaotaka kuvuka Kigamboni. Na wapo wale ambao roho zao hazitulii mpaka wapate maji ya bluu, yasiyo na chumvi wala mwani, yenye viti vya kulalia pembeni na mhudumu anayepita na sinia. Hao wanataka bwawa la hoteli.

Kizaazaa kinakuja hapo. Hoteli yenyewe hujawahi kulala hata usiku mmoja, na leo pia hulali. Unaingiaje?

Kiswahili chetu kina neno lake kwa mtu wa namna hiyo: mzamiaji. Mzamiaji ni yule anayejificha ndani ya meli aende majuu bila tiketi, na ni yule anayeingia kwenye harusi ya watu bila kadi, akala pilau na kupiga picha na bibi harusi. Kwenye bwawa la hoteli wamejaa tele. Safu hii haiwatetei. Lakini haikubali pia kwamba kila mtoto wa Kinondoni au Temeke anayeonekana kwenye geti la hoteli amekuja kuzamia.

BAHARI YA WOTE, BWAWA LA MWENYEWE

Tuanze na safari yenyewe. Toka Posta, vuka Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022, ingia Oysterbay na Masaki, zunguka Msasani, halafu kamata njia ya kaskazini: Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi mpaka Bahari Beach. Njia nzima hiyo hoteli zimekaa zikiitazama Bahari ya Hindi, na nyingi zina bwawa hatua chache tu kutoka kwenye mchanga.

Msomaji wangu, shika tofauti moja hapa. Mchanga na bahari si kiwanja cha mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo ukitembea pwani ukapita mbele ya hoteli ya kifahari, tembea kwa raha zako. Lakini bwawa ni jambo jingine. Lina mtu anayelinunulia dawa, anayelipia umeme wa pampu, anayemlipa kijana wa kulisafisha alfajiri. Lina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuomba kiingilio.

Wazamiaji wajanja wanautumia mchanganyiko huo. Wanakuja kwa miguu kutoka pwani, wanapanda ngazi za nyuma, wanatandika kanga kwenye kiti kana kwamba wametoka chumbani. Wengine wanakwenda mbali zaidi: mhudumu akiuliza namba ya chumba, wanataja ya kubuni. Huo si ujanja tena, mwanangu. Soda ile itaandikwa kwenye bili ya mtu mwingine, na mhudumu aliyekuamini anaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Huo ni wizi wa mchana, hata kama umevaa miwani ya jua.

KWA NINI GETI LINATUTISHA

Tuseme ukweli, wengi wanazamia si kwa kukosa kiingilio. Wanaogopa kuuliza. Woga huo una historia.

Wakoloni waliigawa Dar mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Viwanja vya kustarehe baharini viliangukia upande wa kwanza. Uhuru ulipokuja, nchi ikataka hoteli zake yenyewe. Hoteli ya Kilimanjaro ikafunguliwa mwaka 1965 ikiitazama bandari. Mwaka 1970 vijana wa TANU Youth League pale Chuo Kikuu wakaanzisha mjadala mkali gazetini: hoteli za kitalii ni za nani katika nchi ya ujamaa? Mjadala ule ukakusanywa kwenye kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji, kikatoka mwaka 1973. Swali lao lilikuwa la uchumi wa nchi, lakini ukisimama kwenye geti la hoteli na taulo lako kwapani utajikuta unalijibu upya, wewe na mlinzi.

Maana hali unaijua. Mzungu anapita na kandambili na bukta, mlinzi anamwambia "Karibu." Nyuma yake anakuja Mswahili mwenzake, amepiga pamba safi, anaulizwa: "Wewe unakwenda wapi?" Inauma. Wengine wanageuza wakarudi nyumbani, wengine wanaanza kumtukana mlinzi. Yote mawili hayasaidii. Mlinzi ni mtu wa mshahara mdogo aliyeambiwa akipitisha mzamiaji kazi hana. Dawa ni kumpa jibu ambalo halina mahali pa kushikwa.

JIBU LENYEWE

Kwanza, piga simu kabla hujatoka nyumbani. Maswali ni haya: Je, wasiolala hotelini wanaruhusiwa kuogelea leo? Kiingilio ni kiasi gani, mtoto je? Taulo limo? Chakula je? Usidhani hoteli zote ni sawa. Ipo inayotoza kiingilio tu. Ipo inayotoza kiingilio halafu pesa hiyohiyo unaitumia kwa chakula na vinywaji. Ipo isiyotoza kitu ilimradi umeagiza, na ipo inayouza uanachama wa mwezi pamoja na chumba cha mazoezi. Ipo pia ambayo bwawa lake ni la waliolala humo tu, basi. Wakisema hapana, ni hapana, usilete habari za "mimi ninajuana na meneja." Na sikukuu kama Iddi, Pasaka na Krismasi hoteli zinajaa, kwa hiyo uliza upya hata kama wiki iliyopita uliruhusiwa.

Pili, ingia kwa mlango wa mbele, hata kama umetokea pwani. Na salamu kwanza! Mlinzi akiwa mtu mzima, "Shikamoo mzee." Akiwa rika lako, "Habari za kazi, kaka." Halafu sema shida yako kwa sauti ya kawaida: "Nimekuja kuogelea, naelekea mapokezi kulipa." Sentensi hiyo moja imeshafungua mageti mengi kuliko miwani ya gharama na ufunguo wa gari la kuazima. Ukilipa, dai risiti, itunze, na wakikupa mkanda wa mkononi uvae. Siku hiyo hata aje nani kukuuliza, unaonyesha mkono tu, kiroho safi.

Tatu, mavazi. Hoteli nyingi zinakataa jinzi, fulana za pamba na chupi za kawaida, na si kwa nyodo. Pamba hutoa nyuzi zinazoziba chujio, na nguo ya rangi huchuja majini. Nunua nguo ya kuogelea, hata ya mtumba, mradi ni nguo ya kuogelea. Dada zangu mnaojisitiri, nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima zipo. Waulize wenyeji kwenye simu ileile kama wanaziruhusu, msije mkaanza kubishana mkiwa mmeshalowa. Na ukitoka bwawani kwenda mgahawani, jifunge kanga au vaa shati. Zanzibar ndiyo kabisa: nguo ya bwawani inaishia bwawani, haitembei vichochoroni Mji Mkongwe.

Nne, oga kwanza. Najua unasema umeoga nyumbani. Ukishakaa kwenye daladala saa nzima, lile si kuoga tena. Watu wengi wanadhani harufu kali ya dawa ni dalili ya bwawa safi. Sivyo. Klorini ikikutana na jasho, mafuta ya mwili na mkojo, inazaa kitu kinaitwa kloramini, na hicho ndicho kinachonuka na kuwasha macho. Bwawa linalokutoa machozi lina watu wengi wasiooga, au waliofanya kile ambacho sitakitaja gazetini. Wenye mafuta mengi kichwani au nywele za kusukia, vaeni kofia.

Tano, jua ukubwa wa kiingilio chako. Umelipia kuogelea, hukununua hoteli. Kiti kimoja kinakutosha. Usitandike kanga kwenye viti vinne kungojea mashoga ambao bado wako Ubungo. Anayelala hotelini akikosa kiti, mpishe. Chapati na mayai ya kuchemsha viache nyumbani. Rambo zenyewe zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hoteli inaishi kwa kuuza chakula. Glasi isikaribie maji, maana kipande kikizama hakionekani na mguu wa mtu utakitafuta. Simu yako ipige picha yako, si ya mama wa watu aliyelala kifudifudi wala watoto wasio wako. Muziki uache ukutani kwa mwenye hoteli. Na kijana aliyekuletea taulo mara tatu, mwachie chochote wakati wa kuondoka.

NA USIZAME

Hapa utani unakwisha. Kuna watu wanaojua kulipa kiingilio, kupiga pamba na kupiga picha, lakini kuogelea hawajui, na wanaona aibu kusema. Bwawa halina mawimbi, kwa hiyo linaonekana pole. Upande mmoja maji yako kiunoni, hatua chache mbele sakafu inateremka na miguu haigusi kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tena methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa. Bwawani usiitegemee. Mara nyingi anayezama hapigi kelele wala kupunga mkono. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, na kimya kinatawala. Waliokaa pembeni wanaendelea na chipsi zao. Kwa hiyo ukifika, soma kina kilichoandikwa ukingoni. Uliza kama kuna mwokoaji. Hoteli nyingi zina kibao tu kinachosema unaogelea kwa hatari yako mwenyewe. Kama hujui, kaa upande mfupi na uwaambie wenzako wazi kwamba hujui. Mtoto mdogo awe mbali na wewe kwa urefu wa mkono, si zaidi, na simu ikae ndani ya mkoba. Ukimwona mtu anazama nawe si mwogeleaji hodari, usijitose. Ita msaada, mtupie boya, taulo au fimbo ndefu, umvute. Ukijitosa mtakuwa wawili.

Ukishalewa, maji yaangalie kwa macho. Na wale waliowaona vijana wa makachu pale Forodhani wakijirusha jioni kutoka ukutani, wasilete mambo hayo bwawani. Vijana wale wanayajua maji yao. Ukijirusha kichwa chini kwenye bwawa la mita moja na nusu, shingo yako haina spea.

UKISHALIPA, WEWE NI MGENI

Sasa upande wa pili wa shilingi. Umepiga simu, umelipa, umeoga, umevaa vizuri. Akija mtu akakuamsha kwenye kiti mara ya tatu kuuliza kama kweli umelipa, na Mzungu wa kiti cha jirani hajaulizwa hata mara moja, usiinuke kwa matusi na usiondoke kwa aibu. Toa risiti, halafu omba kuonana na meneja. Mwambie kwa upole, kwa Kiswahili, mbele ya watu: "Nimelipa kama huyu, naomba niulizwe kama huyu." Ni maneno machache, hayana tusi, na meneja mwenye akili anajua jirani zake wa Kinondoni watamlisha hata miezi ambayo ndege hazileti watalii.

Mzamiaji anaharibu hapo. Akikamatwa anaumbuka yeye, lakini anayelipa gharama ni kijana mwingine atakayekuja Jumapili ijayo na pesa yake halali, akakuta mlinzi amekasirika na kiingilio kimepanda. Anayelipa na kukaa vizuri anamfungulia geti hilohilo mtu asiyemjua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apitie ngazi za nyuma. Haya, chukueni mataulo. Na huyo anayejifanya amelala chumba namba 214, tunamwona!