Kabla Hujatoa Arubuni

Kwa mpwa wangu Swaleh,

Mama yako ameniambia umeipenda Impreza WRX STI ya hachibaki huko Nairobi, na muuzaji anakuhimiza utoe arubuni wiki hii. Sikukatazi kununua. Nakukataza kulipa kabla injini haijapimwa.

Jua kwanza unachonunua. STI ya umbo hilo ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007, nayo ya soko la huko kwa kawaida ina injini ya EJ20, lita mbili, yenye turbo. Kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, hilo, kwa umri wake, halikushuka bandarini juzi. Limeshaendeshwa na watu hapa nchini, na wanaonunua STI hawainunui kwa kwenda nayo polepole. Usitegemee kilomita za kwenye dashibodi, maana hurudishwa nyuma. Omba karatasi ya mnada wa Japani na risiti za servisi, uzisome tarehe kwa tarehe.

Pili, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina joto, ahirisha mpaka kesho, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Injini hizi hunywa oili, na mwenye gari asiyeijazia huziua beringi za konrodi. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, hiyo ndiyo tabia ya mwenyewe, na huna haja ya kuuliza zaidi.

Kisha washa, mwenzako akiwa amesimama nyuma. Mlio wa kugonga wa chini chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi, na dawa yake ni kuishusha injini nzima. Moshi wa samawati usiokatika ni oili inayoungua, ama kwa pete za pistoni ama kwa turbo. Injini ikishapata moto, tazama dumu la akiba la maji ya rejeta. Mapovu yasiyokoma humo ni dalili ya gasketi ya hedi iliyokufa. Lakini kifuniko cha rejeta usikiguse wakati huo, kitakuunguza.

Tatu, uliza nani aliyeichezea kompyuta ya injini. Japani gari hili lilipangiwa petroli ya oktani ya karibu 100, nayo ya kawaida kwenye vituo vyetu haifiki hapo. Mtu akiongeza presha ya turbo juu ya petroli hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hupasuka baina ya pete. Kwa hiyo ukiona ekzosi kubwa ya kupiga makelele, usidhani umeongezewa kitu. Mimi nikiwa na nafasi ya kuchagua, ningechukua lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, hata likiwa na rangi iliyopauka.

Mwisho, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa yadi, apime kompresheni ya silinda zote nne. Atanung'unika, kwa kuwa injini ya Subaru imelala na plagi zake ziko ubavuni, mahali pa kubana. Mwache anung'unike, apime. Vipimo vinne vikaribiane. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, injini hiyo ina ugonjwa. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana hubadilishwa kwenye kilomita kama 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze bei.

Usione haya kusumbua watu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari linalokukimbiza ulipe leo kwa sababu kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja. Muuzaji mwenye gari zima hukupa siku nzima ulikague. Akikataa kupimwa kwa kompresheni, usibishane naye. Mshukuru, uondoke, pesa zako zikiwa mfukoni.

Wasalaam,
Mjomba wako