Gia Uliyopandia

Kuna mabishano matatu ambayo ukiyaanzisha Isongole huyamalizi hata ukiagiza chai mara tatu: Simba na Yanga, bei ya viazi, na gari la oto dhidi ya gari la manyuali. Mawili ya kwanza yana waandishi wake. Hili la tatu nimelibeba mimi, kwa sababu mwaka huu liliingia nyumbani kwetu na kukaa mezani kama mgeni asiyeaga.

Kwa asiyepajua kwetu: ukifika Uyole, pale barabara ya Kyela inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, unaanza kupanda. Isongole iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jirani na mlima wenye ziwa Ngozi. Baridi, ukungu, viazi. Ukishapita hapo unateremka: Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela kwenye joto na mpunga, mita 500 tu na kidogo kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo gari lolote linalopita kwetu ama limetoka kupanda ama linakwenda kushuka. Gia kwetu si mazungumzo ya kupitisha muda.

Baba yangu ameendesha malori zaidi ya miaka thelathini. Alianza na yale ya zamani ambayo kupunguza gia ilibidi ukanyage klachi mara mbili, na ukikosea giaboksi inakutukana mbele za watu. Alipostaafu alinunua pikapu ya manyuali. Hiyo ndiyo iliyobeba mbegu za viazi, ikampeleka Mama kliniki Mbeya, ikanifundisha mimi kuendesha. Mwaka jana goti lake la kushoto likaanza kuvimba. Daktari akamwambia apunguze kazi ya mguu ule. Sasa niambie, mwenye gari la manyuali anapunguzaje kazi ya mguu wa kushoto kwenye barabara ya kwetu?

Mdogo wangu akaja na jibu: tuuze pikapu, tununue Noah ya oto. Baba akasema neno moja, "Sitaki." Baadaye akaongeza mengine. Gari la oto ni la wavivu. Ni la mjini. Ni la akina mama. Mimi na Mama tulikuwa tumekaa pale pale tunamenya viazi, tukatazamana.

Nilikuwa likizo, nikaamua kuwauliza madereva wenyewe. Nilianza na wa Fuso, aliyekuwa anasubiri wapakiaji wamalize kufunga lumbesa za kwenda Dar. Huyo hakufikiria hata sekunde. "Dada, mzigo unataka gia. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Oto inakuchagulia, mimi sichaguliwi." Msemo huo nimeusikia tangu mtoto. Maana yake ni rahisi: ukishuka na gia ndogo, injini inalizuia gari, breki zinapumzika. Ukishuka na gia kubwa, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki, na maji ya breki yakichemka unakanyaga pedeli inazama kama umekanyaga sponji. Watu wa Mbeya hawahitaji kuhadithiwa. Mteremko wa Mbalizi na ule wa Inyala vimetufundisha kwa misiba.

Nikamuuliza, na yale malori mapya ya kwenda Malawi, Volvo na Scania zinazobadili gia zenyewe? Volvo walitoa giaboksi yao ya I-Shift mwaka 2001, na leo ni kawaida kwenye mizigo mikubwa. Akacheka. "Hizo nazo dereva anazikamatia gia kwa mkono akifika mlimani. Muulize yeyote."

Nilimuuliza kweli, lakini si wa lori. Nilimwendea kijana wa michomoko anayepeleka abiria Tukuyu na kurudi, mara sita, mara nane kwa siku. Kwake manyuali ni adhabu. "Unasimama kila nyumba, anashuka mama na ndoo, anapanda babu na kuku. Klachi ingeshaniua goti." Nilipofika nyumbani sikumwambia Baba maneno hayo ya goti.

Fundi wa pale barabarani aliongea kama hakimu. Manyuali, alisema, betri ikifa asubuhi ya baridi mnasukuma, linawaka, mnakwenda. Oto husukumi. Likiharibika njiani ukalivuta ovyo na magurudumu yanayozungushwa na injini yakiwa chini, umeua giaboksi, na giaboksi ya oto kwa mafundi wengi haifufuki, unatafuta nyingine. Lakini akaongeza: "Nyingi hazifi kwa sababu ni oto. Zinauawa na oili. Ya CVT ina oili yake, mtu anaweka yoyote kwa kuwa ni bei rahisi, halafu anasema Wajapani waongo."

Wa mwisho alikuwa mama mmoja anayeuza viazi kwa jumla na kuendesha gari lake mwenyewe dogo la oto. Nikamwambia kuna watu wanasema gari hilo ni la akina mama. Akaniuliza, "Hao wanaume wanaosema hivyo, wanashukaje Kiwira?" Sikuwa na jibu. Akanijibu mwenyewe: "Wanaweka N."

Hapo ndipo mabishano yalipogeuka kwangu. Tazama mkono wa gia wa magari mengi ya oto tuliyozoea kutoka Japani. Herufi zimepangwa: P, R, N, D, kisha 2 na L. Kwenye baadhi ya CVT utakuta B. Wengi wetu tunasoma mpaka D tunaishia hapo. Kumbe zinazofuata ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara kama yetu. Ukiacha D mteremkoni na kuondoa mguu kwenye mafuta, giaboksi nyingi za zamani huona spidi inaongezeka na injini haina kazi, basi zinapanda gia. Zimefanya kinyume cha ulichotaka. Ukivuta 2, au L kama mteremko ni mkali na umeshapunguza mwendo, injini inaanza kuvuma na gari linajizuia. Yaani ile gia uliyopandia imo humo humo. Ila inabidi uiombe.

Na hiyo N? Madereva wengi wanashusha milima kwa fri wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa injini za kabureta walikuwa na sababu kidogo. Kwa injini za sasa zenye nozeli na kompyuta, ukishuka na gia huku umeachia mafuta, kompyuta inakata mafuta, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini lazima iendelee kunywa ili isizime. Unapoteza mafuta na unapoteza kizuizi chako, vyote kwa wakati mmoja. Na fri hiyo haichagui: gari la manyuali nalo linawekwa fri, na madereva wa manyuali ndio walioanza.

Mimi ni mtu wa vitabu, kwa hiyo nilijikuta nawaza lugha pia. Misemo yetu ya gari ni ya manyuali mitupu. Mwaka 2015, Edward Lowassa alipohamia CHADEMA, nchi nzima ilizungumza habari ya kubadili gia angani, na hakuna aliyehitaji kamusi. Mtu akianza jambo kwa kasi tunasema kaingiza gia. Nadhani ndiyo maana Baba hakuwa anabishana juu ya chuma. Gia ilikuwa ushahidi kwamba yeye ndiye anayeamua. Wajapani walikwishalimaliza suala hili kwa makaratasi, tangu 1991 wana leseni ya magari ya oto peke yake. Lakini huwezi kumwambia mzee wa miaka sabini kwamba heshima yake imekwisha kwa makaratasi.

Mama ndiye aliyemaliza. Siku moja jioni alisema, bila kuinua sauti, "Mwezi huu nimekwenda kliniki mara mbili kwa michomoko, tumebanana wanne nyuma. Mimi sijali mkono wa gia. Nataka unipeleke wewe." Baba hakujibu. Kesho yake akamwambia mdogo wangu, "Hiyo Noah iko wapi?"

Siku ya kwanza tulimweka kwenye uwanja mtupu. Hatari kwa dereva wa manyuali ni mguu wa kushoto: unatafuta klachi, unakuta breki, unaikanyaga kwa nguvu za klachi na wote mnakwenda kwenye kioo. Baba alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu akaurudisha mguu nyuma, chini ya kiti, akauacha huko. Baada ya wiki tulishuka hadi Kiwira, yeye kwenye usukani, mimi pembeni, mdogo wangu nyuma. Kabla ya mteremko akapunguza mwendo, akavuta 2. Injini ikanguruma. Akasikiliza muda mrefu, kama anavyosikiliza mtu anayemsalimia kwa Kinyakyusa cha vijana.

"Kumbe inashika," akasema.

Kurudi aliendesha mdogo wangu. Akishakula nusu ya mteremko wowote, mkono wake una tabia ya kuteleza kwenda N. Baba akaushika ule mkono, akaurudisha mahali pake. "Utaua watu."

"Baba, mafuta bei juu."

Wamebishana mpaka nyumbani, na wanabishana mpaka leo. Nimemweleza mdogo wangu habari ya kompyuta kukata mafuta, anasema hayo ni ya vitabuni. Amependekeza tujaze tenki Uyole, twende Kyela kwa N safari moja na kwa gia safari nyingine, tulinganishe. Baba amesema safari ya pili yuko tayari. Ya kwanza atafute abiria wengine.