Fomu Aliyotia Sahihi Mama

Mama yangu alimeza dawa za vidonda vya tumbo tangu mahindi yalipopandwa hadi yakavunwa. Kila alipokwenda kwenye kliniki moja ya binafsi huku kwetu Sigor, kaunti ya Bomet, alieleza jambo lile lile: ugali unasimama hapa, na kidole akakiweka katikati ya kifua. Kila mara alirudi na vidonge na chupa ya dawa nyeupe ya kutuliza asidi. Hakuna aliyemwambia apitishwe kamera. Hakuna aliyemwandikia barua ya rufaa. Ugali ulipomshinda alihamia uji mzito, uji mzito ukamshinda, akabaki na maziwa na chai. Sketi zake tukawa tunazifunga kwa kamba zisidondoke.

Aliyetushtua ni mjukuu wake anayesomea uuguzi. Alikuja likizo, akamtazama kogo wake, yaani bibi yake, akihangaika na kipande cha kiazi, akatuita nje. Alisema mtu mzima akianza kukwamwa na chakula kigumu, umio wake unapaswa kuangaliwa mara moja, na kwa watu wa Bomet na Kericho jambo hilo halina mjadala.

Alisema kweli. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 huku Bomet, imeuona ugonjwa huu kwa miaka mingi hata ikawa miongoni mwa mahali panapojulikana duniani kwa kuutibu na kuutafiti. Mwaka 2002 Daktari Russell White na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kwamba saratani ya umio hapa Bomet inawapata hata vijana, jambo ambalo ni nadra mahali pengine. Kwa hiyo mtu anayefungua kliniki katika kaunti hii, akaweka kitanda na kabati la dawa, hana ruhusa ya kutolifahamu jambo hili. Nalisema bila chuki. Mgonjwa wa umri wa mama, anayekonda na anayeonyesha kwa kidole mahali chakula kinapokwama, ameshajieleza vya kutosha.

Tuliuza mtamba mmoja, tukampeleka mama hospitali kubwa nje ya kaunti, karibu na anapoishi kaka yangu. Kamera ilipopita ikakuta uvimbe umeziba sehemu kubwa ya njia. Walikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara, na majibu yakathibitisha kile ambacho daktari alikuwa ameshakisoma kwa macho. Saratani ilikuwa imeenea. Upasuaji wa kuiondoa haukuwezekana tena.

Hapo ndipo watu walipoanza kumlaumu mama kwa chai. Alikuwa anainywa moto sana, wakasema, na mursik pia, yale maziwa yetu ya kuchacha, basi. Ni kweli kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vilivyozidi joto la nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na kwamba utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ukachapishwa 2019 uliona hatari kubwa zaidi kwa wanaokunywa vinywaji vya moto mno. Watafiti wamepima pia mursik na kukuta ndani yake kemikali inayotiliwa shaka. Tumbaku na pombe zimo katika hesabu hiyo hiyo. Lakini nchi nzima hii inakunywa chai ya moto, na wengi wanazeeka nayo salama. Kumkalia mgonjwa kitandani ukimsomea orodha ya alivyokula na kunywa tangu utoto ni ukatili, na niliwaambia wageni wetu hivyo, wengine wakakasirika.

Daktari alipendekeza stenti. Ni bomba la wavu wa chuma lililofunikwa kwa utando laini. Huingizwa likiwa limekunjwa jembamba, likishavuka uvimbe linajifungua lenyewe na kuitanua njia. Haliponyi saratani. Linamrudishia mtu uwezo wa kumeza.

Nataka kueleza kwa kirefu yaliyotokea kabla mama hajatia sahihi, kwa sababu ndiyo yaliyotuvusha. Daktari alivuta kiti akakaa. Muuguzi mmoja Mkipsigis alisimama kando akimfasiria mama neno kwa neno, kwa lugha yetu, huku akimwita kogo kwa heshima. Walimwambia atasikia maumivu ya kifua siku za mwanzo. Walimwambia bomba linaweza kuhama likashuka tumboni. Kwamba wakati wa kuliweka umio unaweza kutoboka, na hilo ni jambo la hatari, watu wengine wamekufa kwalo. Kwamba damu inaweza kutoka. Kwamba nyama isiyotafunwa vizuri itaziba bomba, na kwamba hata akitafuna vizuri, uvimbe wenyewe unaweza kukua juu au chini ya bomba ukaziba tena. Mama akauliza, "Na nikikataa?" Daktari akamjibu kwamba muda si mrefu hata maji hayatapita. Akauliza tena, "Na nikikubali nitaishi hadi lini?" Daktari hakumdanganya. Alisema anatarajia miezi, na kwamba baadhi ya watu hupita mwaka.

Yale yote yaliandikwa kwa mkono kwenye fomu, chini ya maandishi yaliyochapwa. Mama alitia sahihi yake ndefu ya shule ya zamani, nami nikatia kama shahidi. Tukapewa nakala. Nakala hiyo niliihifadhi pamoja na vyeti vya shamba.

Bomba likawekwa, na kesho yake mama alikunywa uji mzito. Baada ya siku chache alikula ugali laini na mboga zilizopondwa, akaomba aongezewe. Sijui nieleze vipi furaha ya kumwona mzazi akiomba aongezewe. Alirudi Sigor akawa anakula ameketi wima, anatafuna mpaka mwisho, anateremsha kwa kinywaji cha uvuguvugu, na usiku analala kichwa kimeinuliwa kwa mito. Nyama tuliisaga.

Kisha ikaja koito, sherehe ya kuposwa, ya binti wa kaka. Katika shughuli ile mtu mmoja mwenye upendo mwingi alimpa mama kipande cha nyama choma, na mama, ambaye hakuwahi kukataa chakula cha mgeni wala cha mwenyeji, akakila. Kilinasa. Usiku huo hata mate hayakupita. Tulisafiri alfajiri, wakapitisha kamera, wakakisukuma kikashuka. Miezi kadhaa baadaye akaanza kukwamwa tena, na safari hii haikuwa nyama. Uvimbe ulikuwa umepanda juu ya ukingo wa bomba. Ikabidi bomba la pili liwekwe ndani ya lile la kwanza.

Baba mdogo akaitisha kikao. Aliona hospitali imetuharibia mtu: bomba limeziba mara mbili, pesa zimekwenda, kwa hiyo tuishtaki. Binamu zangu wawili walishapata jina la wakili. Nilileta ile fomu nikaisoma kwa sauti mbele ya wazee, mstari kwa mstari. Kuziba kwa nyama, tuliambiwa. Uvimbe kukua juu ya bomba, tuliambiwa. Kikao kilinyamaza, maana hakuna aliyeweza kusema tulifichwa.

Niliwaeleza pia yale niliyosomewa na yule mjukuu. Mwaka 2009 madaktari wa Tenwek walichapisha katika The Lancet Oncology matokeo ya takribani stenti 1,000 walizoweka tangu 1999. Hawakuandika mafanikio peke yake. Waliandika waliotobolewa, walioziba, waliofariki kwa sababu ya kazi yenyewe, na wakasema kwamba kwa wale waliofuatiliwa hadi kufa, nusu waliishi zaidi ya miezi 8 hivi na nusu chini ya hapo. Ndiyo maana daktari wetu, katika hospitali nyingine kabisa, aliweza kukaa kwenye kiti akamjibu mama bila kubahatisha. Kila mgonjwa aliyehesabiwa katika ripoti ile, hata yule aliyepata madhara, alimsaidia mama kuamua. Mimi nawashukuru watu hao nisiowajua. Huenda wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji wa milima hii hii yetu.

Baba mdogo ni mtu wa haki. Alipoelewa, hasira yake haikuzimika, ilihama. "Basi ile kliniki ya kwanza," akasema, "fomu yao iko wapi?"

Haikuwepo. Nilikwenda kuomba kumbukumbu za mama: tarehe alizofika, alichosema, alichopewa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na njia za tiba zilizopo, na Katiba katika kifungu cha 35 inatambua haki ya mwananchi kupata habari anazozihitaji kulinda haki zake. Nilionyeshwa daftari la mauzo lenye majina ya dawa na bei. Ugonjwa haukuandikwa popote.

Wakili tuliyemwona mjini Bomet alikuwa mkweli kwetu. Alisema madai ya uzembe yana muda wa miaka 3 tu kufikishwa mahakamani. Alisema itabidi tuthibitishe kwamba aliyemhudumia mama alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja kwa kufanya ambacho mhudumu makini hangefanya, na kwamba madhara yalitokana na kuvunjwa huko. Hilo la mwisho ndilo gumu. Saratani haikuletwa na kliniki. Tungehitaji daktari bingwa aseme mbele ya hakimu kwamba kamera mapema ingebadilisha mwisho. Huenda ingebadilisha. Huenda ingemwongezea mama miezi michache ya kula.

Alitushauri tuanze na mabaraza ya taaluma, na hapa watu wengi hupotea njia. Sisi vijijini tunamwita kila avaaye koti jeupe daktari. Aliyemhudumia mama alikuwa afisa wa kliniki, na maafisa hao wana baraza lao lililowekwa na sheria ya 2017. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linalosajili na kukagua vituo vyenyewe. Kwa hiyo malalamiko juu ya mtu yalikwenda kwa baraza moja, na malalamiko juu ya kituo kukosa kumbukumbu yakaenda kwa jingine. Niliandika barua zote mbili mwenyewe, nikaambatisha risiti za dawa ambazo mama, Mungu amrehemu, alikuwa akizikunja na kuziweka ndani ya Biblia.

Kabla mambo hayajafika mbali, mwenye kliniki alikuja nyumbani na wazee wawili. Aliomba msamaha, akaleta bahasha. Sitasema ilikuwa na kiasi gani. Mama alikuwa ameketi juani na shuka yake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, pesa hizo nitazimezea wapi?" Akamtaka afanye mambo mawili: aandike kila anachoambiwa na mgonjwa, na atakayekuja akisema chakula kinakwama, asimuuzie dawa, ampe barua aende. Mtu yule alilia. Mimi sikulia, nilikuwa bado nimekasirika, na barua zangu sikuziondoa. Msamaha wa mama ulikuwa wake kuutoa. Kumbukumbu za wagonjwa wengine hazikuwa zake wala zangu, na ni kazi ya mabaraza kuzifuatilia.

Mama alifariki msimu wa mvua uliofuata. Hakufa kwa njaa. Wiki yake ya mwisho alikuwa bado anateremsha uji, na aliondoka akijua kila alichotendewa na sababu yake. Nimeona jirani akifa kwa ugonjwa huu huu bila kuelezwa chochote, wanawe wakibaki wakishutumiana uchawi hadi leo. Ndiyo maana najua tulipewa nini.

Baada ya maziko, yule mjukuu alituletea habari nyingine. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa watu 305 wa eneo la Bomet wasiokuwa na dalili yoyote. Walipitishwa kamera, umio ukapakwa dawa ya ayodini ambayo huziacha sehemu zilizoharibika bila rangi, na karibu mmoja kati ya saba akakutwa na chembe zilizoanza kubadilika, wengi kwa kiwango cha chini. Chembe hizo zikigunduliwa mapema zinaweza kufuatiliwa, na zile mbaya zaidi kuondolewa kwa kamera kabla hazijawa saratani.

Nilipowaambia ndugu zangu twende tukapimwe, waligoma. Waliogopa kutafuta ugonjwa ambao haujawatafuta. Mimi nilikwenda, kwa sababu ninameza vizuri, na wakati wa kumeza vizuri ndio wakati wa kwenda. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, foleni ndefu nje. Aliniwekea fomu mezani na kalamu juu yake. Nilimwomba anieleze kwanza: ni nini kinaweza kuharibika, hutokea mara ngapi, mkikuta doa mtafanya nini, na usiku nikitapika damu nimpigie nani? Aliitazama foleni, akanitazama mimi, akavuta kiti. Alijibu moja baada ya jingine, akaandika namba ya simu pembeni mwa karatasi, nikatia sahihi.