Pasipoti Niliyoificha Kabatini

Mwenzenu nilificha pasipoti miezi minne. Niliiweka chini kabisa ya kabati la vyombo, ndani ya bakuli kubwa la supu tulilopewa siku ya harusi, pamoja na daftari dogo la mahesabu. Shoga, kama una kabati la vyombo sebuleni unanielewa. Zile sahani za maua haziguswi mpaka aje mgeni wa heshima, na kwetu mgeni wa heshima huja mara moja kwa mwaka. Nikajiona mjanja.

Sikuwa na mwanaume mwingine, wala sikuwa nakimbia ndoa. Nilikuwa napanga kwenda Istanbul.

Nina duka la magauni pale Sinza. Kwa miaka sita nimekuwa nachukua mzigo Kariakoo kwa watu wanaoufuata wenyewe Uturuki, na kila gauni linanifikia likiwa limeshapita mikono miwili, na kila mkono umekata chake. Wafanyabiashara wawili ninaofahamiana nao, akina mama kama mimi, wakanishauri nifunge safari. Wao hufikia Laleli, mtaa wa maduka ya jumla upande wa Ulaya wa jiji, ambako nguo zinauzwa kwa seti, saizi zote kwa pamoja, na bei inatajwa kwa dola. Wakaniambia nikienda mara moja tu, sitanunua tena kwa mtu.

Sasa kwa nini nisimwambie mume wangu? Mwaka jana alipunguzwa kazi. Miaka kumi na minne alikuwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, halafu asubuhi moja akarudi na barua. Tangu siku hiyo neno hela likitajwa nyumbani, chakula kinapoa mezani. Na si unajua maneno ya mtaani kuhusu wanawake wanaofuata mzigo nje? Eti gauni moja wamenunua, la pili wamepewa. Nikajisemea, nikimwambia atakataa, na akikataa nitakuwa nimemvunjia heshima nikienda. Bora nikamilishe kila kitu kwanza. Jamani, ndivyo siri inavyoanza, kwa kujidai unamhurumia mwenzio.

Jumapili moja nikiwa dukani akaja baba yake mdogo kutoka Tanga. Mgeni wa heshima. Mume wangu akaenda mwenyewe kabatini kutoa sahani.

Niliporudi jioni, mgeni alishaondoka. Pasipoti ilikuwa mezani, na daftari limefunguliwa palepale nilipoandika: "Istanbul. Siku sita. Chumba, kitanda kimoja."

Akaniuliza swali moja. "Kitanda kimoja cha nani na nani?"

Nikasema cha kwangu peke yangu, naenda kuangalia mzigo. Akaniangalia muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia, "Mama watoto, kama unatuacha, sema tu."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Wapi! Nilikasirika. Nilimwambia nani kasema anaachwa, nani analipa ada za watoto, nani anatafuta. Maneno ya aina hiyo, ambayo ukishayatoa hayarudi mdomoni. Alichukua shuka akaenda kulala sebuleni. Siku tatu tukawa tunasemeshana kupitia kwa binti yetu: "Mwambie baba chai tayari." "Mwambie mama asante."

Siku ya nne nikaenda kwa shangazi Magomeni nikitegemea kupata wa kuniunga mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia uji, akasema, "Na wewe ungeikuta ya kwake kwenye bakuli la supu, ungefanyaje?" Nikanyamaza. Uji ule sikuumaliza.

Usiku huo watoto walipolala, nikaliweka daftari mbele yake nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikamwonyesha kila kitu. Hela za duka alikuwa anazijua, lakini hakujua kuhusu kikoba. Hakujua kwamba nina hisa za shilingi milioni 6 na laki 4, wakati mwezi wa tisa alipokwama karo ya kijana wetu nilimwambia sina. Huo ndio ukweli uliokuwa mgumu kuutoa kuliko pasipoti.

Nilitegemea atawaka. Badala yake akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema na yeye ana lake. Kumbe zile asubuhi alizokuwa anavaa shati la kazi na kuaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, siku nyingi alikuwa anaishia Feri. Anapanda pantoni kwenda Kigamboni, anashuka, anarudi nayo, anakwenda tena. Nauli shilingi 200, upepo wa bure, na hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi. Alikuwa anaangalia meli zinavyoingia bandarini na kujua kila moja imebeba nini.

Mimi nilikuwa najiona peke yangu ndiye mwenye mzigo kichwani. Nililia, na yeye akaniacha nilie.

Kisha akalivuta daftari. "Na huko Istanbul kuna pantoni?"

Hapo ndipo safari yetu ilipoanza, ingawa bado hatujapanda ndege.

Kuna pantoni nyingi, tena za kutosha. Jiji lina watu zaidi ya milioni 15, limegawanywa na mlango wa bahari unaoitwa Bosphorus: huku Ulaya, kule Asia. Kutoka Eminönü upande wa Ulaya hadi Kadıköy upande wa Asia ni kama dakika 20 kwa boti, na kila siku watu wanavuka kwenda kazini na kurudi kama watu wa Kigamboni. Abiria wananunua simit, mkate wa duara wenye ufuta, wanakula nusu na nusu wanawarushia ndege wa baharini. Sehemu nyembamba kabisa ya mlango ule ni kama mita 700. Mume wangu akapiga hesabu: Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, ni mita 680. "Kwa hiyo Ulaya na Asia ni Kurasini na Kigamboni tu!" Nilikuwa sijamsikia akitania tangu ile barua.

Kila jioni sasa akawa na jambo jipya. Kwamba daraja la kwanza pale lilifunguliwa mwaka 1973. Kwamba tangu 2013 kuna treni inayopita chini ya bahari, kutoka Sirkeci hadi Üsküdar kwa kama dakika nne. Kwamba ngano nyingi ya Urusi na Ukraine inayokuja Afrika hupita kwenye mlango ule, na kwa macho yake alishatoa nyaraka za mzigo uliopita hapo. Akanipa mwanga mwingine ambao sikuutegemea: katika daftari langu nilikuwa nimeandika hela ya kumlipa mtu wa kunitolea mzigo ukifika Dar. Akaupigia mstari. "Miaka kumi na minne nimefanya nini, mama watoto?" Yaani nilikuwa nataka kumlipa mtu baki kwa kazi ambayo mume wangu anaifanya akiwa amefumba macho, kwa sababu tu nilikuwa namficha.

Tukaamua tunaenda wote wawili, siku saba badala ya sita. Siku tatu za biashara, siku nne zetu. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenye msiba.

Ugomvi haukuisha, umebadilika tu. Yeye alitaka tulale upande wa Asia awe anavuka kila siku. Mimi nataka Laleli, nitoke kitandani niingie dukani. Tumekubaliana Laleli, kwa sababu tramu ya T1 inapita hapo na njia hiyohiyo inakushusha Sultanahmet, penye misikiti na majumba ya kale, na mbele yake Eminönü kwenye boti. Yeye akapata siku mbili kamili za upande wa pili, na ameshaniapisha kwamba siku hizo sitaingia duka lolote.

Msomaji, kama na wewe unafikiria kwenda, chukua haya tuliyoyaandika kwenye daftari. Anza na visa kabla ya tiketi. Sisi tulikwenda kuuliza ubalozi wa Uturuki hapa Dar, si kwa kijana wa mtaani mwenye "njia". Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, kama saa saba hivi angani. Soko kubwa la kale lililoezekwa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili, na kasri la Topkapı walilokaa masultani hufungwa Jumanne, kwa hiyo panga siku zako vizuri usije ukapiga picha mlangoni. Hagia Sophia ilijengwa kati ya mwaka 532 na 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti jiji lilipotekwa mwaka 1453, ikawa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Watalii wa kigeni wanaangalia kutoka ghorofa ya juu, na kiingilio kilipoanzishwa Januari 2024 kilikuwa euro 25 kwa kichwa. Mtandio sinunui, ninao wa kutosha.

Tumechagua mwezi wa nne kwa sababu ndio mwezi wa maua ya tulipu kwenye bustani zao, na baridi yake inavumilika kwa sweta. Mwezi wa kwanza theluji inaweza kuanguka, na mume wangu Lushoto tu anavaa soksi mbili. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba saa yao na yetu ni moja. Nikimpigia binti yangu saa mbili usiku, na kwangu ni saa mbili usiku. Sitakuwa na sababu ya kumkosa.

Kuhusu lugha, tumejikuta tunajua zaidi ya tulivyodhani. Chai ni çay, kitabu ni kitap, dunia ni dünya, dakika ni dakika. Ukimaliza kula unaomba hesap, hesabu yako. Na salamu yao ni merhaba. Mume wangu anasema atapata raha sana, nchi nzima inaitikia shikamoo kabla hajaitoa.

Mama mkwe alipopata habari hakucheka. Aliniita chumbani akasema, "Mwanangu, watu wakipata hela huenda Makka kwanza." Sikuwa na jibu, maana ana haki yake. Mwanawe ndiye aliyejibu kutoka mlangoni: "Mama, tunaenda kuitafuta hiyo ya Makka." Akaguna, lakini jana yake ameulizia kama watoto watakaa kwake au yeye aje kwetu. Kwa lugha yake hiyo ni ruhusa.

Sisemi kila kitu kimekaa sawa. Kikoba tunavunja mwezi wa pili, na mpaka hapo hakuna tiketi. Kwa hesabu ya watu wawili tunapungukiwa kama laki sita. Zipo siku bado anakwenda Feri, lakini sasa ananiambia, na wiki iliyopita akanichukua. Tulivuka mara mbili tukila mahindi ya kuchoma, hatukuongea kitu cha maana. Kazi ya kudumu hajapata, ila wale wafanyabiashara wawili wameshampa nyaraka za mzigo wao unaofuata.

Pasipoti zetu mbili sasa ziko kwenye droo ya juu, hata mtoto anaziona. Bakuli la supu nimelitoa kabatini kabisa, tunalitumia kila Ijumaa.

Juzi usiku alikuwa anaandika orodha ya hoteli kwenye daftari, miwani puani, anasoma kwa sauti. Alipofika penye chumba akasimamisha kalamu, akaniangalia juu ya miwani.

"Vitanda vingapi?"

Nikamwambia aandike kama nilivyoandika mwanzo.