Tuanze kwa Kusikiliza



Sisi waseminari wachache hapa Iringa tulivutiwa na redio ya ridhaa kupitia Mtakatifu Maximilian Kolbe, ambaye kituo chake cha Niepokalanów, Poland, kilitumia alama ya wito SP3RN mwaka 1938.

Michango yetu ilitosha chombo kimoja tu: cha kupokea au cha kurusha. Wengi wetu tulitaka kurusha, tena mara moja. Lakini kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa, na kujitwalia alama inayoanza na 5H ambayo hujapewa ni uongo. Tulibishana, kisha tukatii.

Tukanunua redio ya mawimbi mafupi yenye SSB. Bila hiyo, sauti za wanaridhaa husikika kama mtu anayeguna. Kwa megahezi 7 tulikata waya vipande viwili vya mita 10, tukavitundika kati ya mikaratusi.

Jioni tukasikia watu wakiitana kutoka mbali. Hakuna aliyetujua, nasi hatukuweza kujibu. Ndipo tulipoona jinsi tulivyozoea kusema kabla ya kusikia, hata tunaposali.

Leseni tutaiomba. Kwa sasa, tunasikiliza.