Ukwaju wa Ukubwa wa Ndimu

Watu wa kusini mwa India hawapimi ukwaju kwa kijiko. Wanaupima kwa matunda. Mapishi yatakuambia: chukua tonge la ukwaju lenye ukubwa wa limau. Kama hujakulia huko utasimama jikoni ukijiuliza ni limau gani, maana limau la Isiolo linaweza kujaza kiganja na likamwaga mchuzi wote kwa ukali. Mimi niliuliza. Nikajibiwa kwamba ni lile dogo, la duara, la kijani linaloenda njano. Yaani ndimu. Mchuzi mzima unategemea hapo, na nashangaa ni watu wangapi wamewahi kuharibu chakula kwa sababu ya neno moja.

Niliuliza kwa sababu nalipwa kuuliza. Mteja wangu anaishi Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu. Ana tovuti ya mapishi. Yeye hunitumia maelezo ya haraka haraka, nusu sentensi nusu vifupisho, nami nayapanga yawe Kiingereza ambacho mtu wa Toronto anaweza kufuata akiwa na njaa. Ananiita "ma", vile wanavyoitana kwao. Malipo ni dola nane kwa makala. Ukitoa ada za kutumiana pesa na bando, inabaki ya unga na mafuta. Nimeandika dosa, nimeandika rasam, nimeandika supu za dengu ambazo majina yake siwezi kuyatamka, zote nikiwa nimekaa juu ya ndoo Bulapesa, nikisubiri stima irudi.

Halafu akaniambia kuna moja anataka iandikwe na mtu aliyeipika. Ipikwe kweli, ipigwe picha kwenye sufuria, na mwandishi aseme ilikuwaje mdomoni. Dola thelathini. Jina lake ni puli kuzhambu. Kuzhambu ni mchuzi mzito. Puli ni ukwaju, ama ukali wenyewe. Akanionya kwamba ukiteleza kidogo kwenye herufi l utakuwa umesema chui mwenye milia, yaani taiga, na watu wa kwao hucheka sana wageni wakiagiza mchuzi wa taiga.

Sasa hapa lazima niseme kitu kuhusu huo mti, kwa sababu jina lake lina utapeli fulani. Waarabu waliuita tunda lake tamr hindi, tende ya India. Wazungu wakachukua hilo jina, na mwaka 1753 Linnaeus akaliandika rasmi kwa Kilatini, Tamarindus indica, India mara mbili kwa jina moja. Lakini asili ya mkwaju ni Afrika. Ulivuka bahari zamani sana, ukapendwa kule, ukarudi kwetu kwenye pakiti za plastiki umeandikwa "bidhaa ya India". Na huku haukuwahi kuondoka. Ukifuata mto Ewaso Nyiro utaukuta, mkubwa, kivuli chake kipana, ukishindana na mikoma. Waborana tunauita roka. Wameru wanasema muthithi, Waturkana epeduru, Wakamba kithumula. Zanzibar kuna mji mzima unaitwa Mkwajuni. Mti wenye majina mengi hivyo si mgeni.

Lakini kwetu, tofauti na pwani, hatuupiki. Mombasa wanautia kwenye chatne ya viazi karai, wanautengeneza juisi. Isiolo ni wa kumumunya, ama wa kulowekwa mtu akifunga choo. Mwambie mtu wa hapa kwamba utapika mchuzi wa ukwaju bila nyama, atakuuliza kama mko sawa kwenu.

Tulikuwa sawa kiasi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Nyinyi mlioko Nairobi mliiona kwa habari, zile picha za mizoga ya ng'ombe zenye muziki wa huzuni. Baba alikuwa na mbuzi mia na kitu, na ngamia wanne. Karo yangu ilikuwa mbuzi. Muhula ukianza anauza kadhaa, muhula ukiisha wengine wamezaa, na hesabu inaendelea. Ilifika mahali mbuzi hana bei kwa sababu ni ngozi na mifupa, halafu ikafika mahali mbuzi hayuko. Nikaomba kuahirisha masomo nikiwa mwaka wa tatu. Baba akasema, mvua ikinyesha utarudi. Mwisho wa 2023 ilinyesha ya mafuriko, barabara zikakatika. Mvua ilirudi. Mbuzi wangetoka wapi?

Turudi jikoni.

Ukwaju niliupata sokoni kwa mama mmoja wa Kimeru ambaye alisema wake unatoka Tharaka. Fungu shilingi hamsini. Umeganda, mweusi, una nyuzi na mbegu, na hiyo ndiyo dalili nzuri. Mafuta lazima yawe ya simsim, hapo mteja hakutaka mchezo, na hayo yako kwa maduka ya Wasomali, kwenye chupa ambayo muuzaji alinihakikishia ni ya kupika, ya kupaka nywele na ya kukanda mgongo. Haradali nzima na uwatu nilipata duka hilo hilo. Uwatu hapa unajulikana kama kitu cha mama aliyejifungua, kwa hivyo muuzaji aliniangalia tumboni, akaniangalia usoni, akafunga karatasi bila kuuliza. Kesho yake shangazi yangu alipiga simu. Isiolo ni ndogo.

Kilichokosekana ni yale majani ya mchuzi wanayoyatia karibu kwa kila kitu kule kusini. Niliuliza kama naweza kuweka dania badala yake. Jibu lilikuja kwa herufi kubwa: HAPANA. Kama huna, acha wazi, mchuzi utakuelewa.

Kuhusu chombo: usitumie sufuria ya alumini. Asidi ya ukwaju inaila, na mchuzi unapata ladha ya kulamba kijiko. Wao hutumia chungu cha udongo. Chungu kilikuwa cha Akko, bibi yangu, na alikuwa ameweka ndani yake nyuzi, sindano na kitambulisho chake cha zamani. Alivitoa kimoja kimoja akinitazama kama mtu anayekopesha gari.

Unaloweka ukwaju kwa maji ya uvuguvugu robo saa hivi, unaufinya kwa vidole mpaka maji yawe kama chai nzito, unachuja. Mafuta yanaingia chunguni, mengi kuliko unavyodhani. Haradali inaingia, na unangoja ipasuke.

Hapo ndipo Akko alisogeza kiti. Alisikia zile mbegu zikipasuka kwenye mafuta akasema, "Hiyo ni buna."

Kwa asiyejua: buna kwetu si kahawa ya kikombe tu. Ni kahawa nzima na ganda lake, imeng'atwa ncha, inatiwa kwenye samli ya moto ikapasuke, na harufu yake inaombewa dua. Tunasema buna inachinjwa. Ni ya wageni, ya harusi, ya amani. Nyumbani kwetu haikuwa imechinjwa tangu samli ilipokuwa kitu cha kununua dukani. Nilimwambia Akko hii ni haradali tu, ya Wahindi. Akasema anajua kahawa, si mjinga, anaongea juu ya sauti.

Baada ya haradali ni uwatu, kidogo sana, mpaka uwe mwekundu. Ukiwa mweusi anza upya. Vitunguu vidogo vyekundu vizima, na vitunguu saumu punje kumi na tano ambazo mama alizihesabu kwa sauti kama hakimu. Nyanya mbili. Manjano, pilipili ya unga, na unga wa giligilani vijiko viwili vilivyojaa, maana huo ndio unaoupa mchuzi mwili. Biringanya zilizokatwa robo. Halafu maji ya ukwaju yote kwa mpigo, na moshi wenye ukali ukapanda ukatutoa machozi wote watatu.

Mwanzoni kitu hiki hakifurahishi. Kina harufu ya ubichi, ladha yake inakuuma pembeni mwa ulimi. Unakiacha. Hii ndiyo sehemu ambayo huwa naandika kwa mstari mmoja, "chemsha dakika ishirini na tano", na sikuwahi kujua dakika hizo zina nini ndani. Rangi inatoka nyekundu ya matofali inaenda kahawia. Mapovu yanaanza makubwa, ya maji, halafu yanakuwa madogo na mazito, yanapasuka polepole kama uji. Mafuta ambayo yalikuwa yamepotea yanaanza kurudi juu, kwanza kwa kingo, halafu kote. Yakirudi, umefika. Unaweka kipande cha sukari guru kama ncha ya kidole gumba, si kwa utamu, ni kuupa ukali mahali pa kukaa.

Mteja aliniambia pia kwamba nyumba nyingi kule huwa hazitii mboga mbichi. Wanatia vitu vilivyokaushwa: vimatunda vidogo vichungu vinavyolowekwa kwenye maziwa ya mgando yenye chumvi, vikaanikwa juani mpaka vikakamae, vikawekwa kwa miezi. Mchuzi huo wanauita vatha kuzhambu. Ni chakula cha siku ambayo hakuna kitu sokoni. Niliposoma hivyo niliwaza koche, ile nyama yetu iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikazamishwa kwenye mafuta ili ingoje kiangazi. Wengine mnaiita nyirinyiri. Watu wa jua kali wote wanawaza kitu kimoja, naona, ila wengine wana ng'ombe na wengine wana jua peke yake.

Tulikula na wali. Baba alinusa sahani yake. Akala kijiko kimoja, akanyamaza, akala cha pili.

"Ni kali," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Si mbaya."

Akko alikuwa ameshaonja na kidole. "Si hii ni roka," alisema. "Tukichunga tulikuwa tunaiweka mdomoni tukitafuta maji. Mate yanakuja, unasahau kiu mpaka jioni." Halafu akataka kujua ni nani aliyewapa Wahindi.

Katikati ya chakula Baba akauliza kama barua ya chuo imekuja. Ilikuwa imekuja kwa barua pepe siku nne kabla, sikuwa nimemwambia mtu. Muda wa kuahirisha unaisha mwezi huu. Nirudi na karo ya sasa pamoja na deni, au jina liondolewe. Akauliza ni pesa ngapi. Nikataja. Mama akaacha kutafuna.

Baba alipangusa sahani kwa kidole, taratibu, hadi ikabaki nyeupe. "Nilikuambia mvua ikinyesha," akasema. "Sasa mvua imenyesha, na mimi nina mbuzi kumi na mmoja. Nikiwauza hao sitakuwa na mbegu."

"Naelewa, Baba."

"Hapana, sikiliza. Nilikuwa nakuambia ungoje. Usiningoje tena."

Hakuna mtu aliyesema kitu. Nilitaka kumwambia kwamba nilishaacha kungoja zamani, kwamba hizi dola nane nane ndizo zilikuwa kuacha kwangu kungoja, lakini ungeyasemaje hayo mbele ya mtu aliyekuwa na mbuzi mia? Nikamwongezea wali. Akaweka mchuzi mwenyewe, mwingi.

Kitu ambacho mapishi hayasisitizi vya kutosha ni kwamba mchuzi huu ni wa kesho. Ukali unautunza, na ladha inatulia usiku. Siku ya pili ulikuwa mzuri kuliko ya kwanza. Siku ya tatu Baba alirudi na kopo la koche kutoka kwa dada yake, akamimina vijiko vitatu chunguni bila kuomba ruhusa, akisema mchuzi bila nyama ni dawa. Picha niliyotuma ni hiyo ya siku ya tatu. Nilidhani mteja atakataa. Akaniuliza vile vipande vyeusi ni nini, nikamweleza, akasema nyanyake alikuwa anautia samaki mkavu, ni mchuzi huo huo, niandike hivyo hivyo. Akauliza pia mti unaitwaje kwetu. Nikampa majina yote, na yote yakachapishwa: roka, muthithi, epeduru, kithumula.

Barua ya chuo niliijibu Ijumaa, mistari miwili, nikashukuru.

Pesa ziliingia wiki iliyofuata. Baba aliuliza ni ngapi kwa shilingi, nikamwambia, akafikiria kidogo.

"Nusu mbuzi," akasema.

"Nusu ya mbele ama ya nyuma?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Ya nyuma," akasema Baba. "Mwambie huyo Mhindi akuletee nyingine."