Reli au Barabara: Ni Ipi Iliyotangulia Kufika Kibwezi?

Wako watu wengi Ukambani, na walimu miongoni mwao, wasemao kwamba barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ni mtoto wa reli. Yaani, reli ilipita kwanza katika nyika za Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, kisha barabara ikaifuata nyuma kama mkia. Neno hili husemwa katika mabasi na huulizwa katika mashindano ya chemsha bongo, na mtu akilitilia shaka huchekwa. Mimi sikutaka kulicheka wala kulikubali, bali nalitaka kulipima kwa tarehe zake.

Sababu ni kwamba katika mashindano ya wanafunzi yaliyofanyika hapa Makueni, msichana mmoja aliulizwa ni njia gani ya magurudumu iliyotangulia kufika Kibwezi kutoka pwani. Akajibu bila kusita, "Barabara ya Mackinnon." Bwana aliyeshika karatasi ya majibu akasema, "Sivyo, ni reli. Mackinnon Road ni mji tu, tena uko mbali, karibu na pwani." Watu wakacheka, msichana akaketi, na kwa upungufu wa alama ile moja shule yake ikatolewa.

Ni kweli kwamba uko mji uitwao Mackinnon Road, katika Kaunti ya Kwale. Lakini mji huo ulipata jina kutokana na barabara, wala barabara haikuishia mjini. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati yake huko Uingereza mwaka 1888, na mkuu wake alikuwa Sir William Mackinnon, Mskoti aliyetajirika kwa biashara ya meli. Mwaka 1890 kampuni hiyo ilianza kutengeneza njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, kutoka Mombasa kwenda bara. Mackinnon alifariki mwaka 1893, fedha za kampuni zikapungua, na tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi kuwa chini ya ulinzi wake.

Je, barabara ilikuwa imefika wapi? Jibu lapatikana kwa kumtazama mtu aliyeipokea kazi. Kapteni Sclater wa jeshi la wahandisi, alipotumwa mwaka 1895 kuiendeleza njia hiyo mpaka upande wa Busia, hakuanzia Mombasa, bali alianzia Kibwezi. Hapana mtu aanzaye kujenga mahali ambapo mwenziwe hakufika. Basi Kibwezi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni, ndipo barabara ya Mackinnon ilipoishia na ya Sclater ilipoanza.

Sasa tuitazame reli. Kazi ya kuilaza ilianza Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Machi 1898 mafundi walikuwa Tsavo, pale ambapo simba waliwala watu na kuisimamisha kazi ya daraja. Mwezi wa Mei 1899 reli ikafika Nairobi. Kwa kuwa mtu atokaye pwani hupita Tsavo kwanza ndipo afike Kibwezi, ni yakini kwamba reli haikufika Kibwezi kabla ya 1898. Barabara iliitangulia kwa miaka isiyopungua mitatu. Hata misioni ya Waskoti ilikuwapo Kibwezi tangu 1891, na mwaka 1898 ilikwisha kuhamia Thogoto kwa sababu ya homa.

Hata hivyo, sipendi kuwaonea wale wasemao kinyume, maana wanalo jambo. Barabara ile ya kwanza haikufaa sana. Mbung'o waliwaua ng'ombe njiani, na mizigo mingi ikaendelea kusafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Treni ilipokuja, ni nani aliyetaka tena gari la ng'ombe? Njia ikasahauliwa kiasi kwamba mwaka 1926 Bwana Galton-Fenzi, alipoendesha motokaa kutoka Nairobi mpaka Mombasa, safari yake ilihesabiwa kuwa jambo kubwa, na mnara wa ukumbusho wake ukajengwa Nairobi. Barabara ya motokaa iliyotengenezwa baadaye ilipita karibu na reli, penye stesheni na maduka. Kwa hiyo lami tuionayo leo yaweza kuitwa mtoto wa reli; lakini swali aliloulizwa msichana yule halikuwa juu ya lami.

Mzee mmoja wa Kitui niliyemsomea tarehe hizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umewajibu wenye magurudumu. Sisi wenye miguu je?"

Naye alisema haki. Kabla ya Mackinnon, Wakamba walikuwa wakichukua pembe za ndovu mpaka pwani kwa njia zao wenyewe. Dakta Krapf wa misioni ya Rabai, alipokwenda Kitui mwaka 1849, hakuvumbua njia yoyote. Alisafiri katika nchi ambayo misafara ya Wakamba ilikwisha kuizoea, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona mlima wa Kenya na theluji yake.

Barabara na reli zote mbili ziliiacha Kitui kando. Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo mpaka Kitui ilikuja katika karne hii tuliyo nayo, zaidi ya miaka mia na ishirini baada ya magari ya ng'ombe.

Nimewapelekea tarehe hizi wenye mashindano. Wamenijibu kwa adabu kwamba alama haiwezi kurudishwa, ila karatasi ya majibu itabadilishwa kabla ya muhula ujao.